Ndege wa Miguu Mitatu wa Bibi Awero

"Bibi, mbona ndege wako ana miguu mitatu?"

Aliyeuliza ni Tanwa, mwenye miaka tisa, magoti yenye vumbi na mdomo uliojaa bajia za kunde za mama yake. Tanwa ndiye huyuhuyu anayesimulia, lakini heri aitwe kwa jina, maana mengi aliyoyafanya baada ya swali hilo hayapendezi kuitwa "mimi."

Aliyeulizwa ni Bibi Awero, mtia nili wa nyuma ya soko la mfalme, hapo mjini Osogbo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitambaa cheupe kimetandazwa mezani mbele yake, bakuli la uji wa muhogo uliotiwa shabu ubavuni, unyoya wa kuku mkononi. Anachovya unyoya, anachora. Palipopita uji rangi haitaingia. Patabaki peupe wakati kitambaa kizima kinageuka buluu chunguni. Swali lilipomfikia, unyoya ulisimama hewani. Tone la uji likadondoka kwenye kitambaa. Bibi akalitazama lile tone, akamtazama Tanwa, akasema:

"Kaniletee maji."

Tanwa akaenda kuleta maji. Aliporudi, Bibi alikuwa ameshamwacha ndege, amehamia kwa chura.

Mtoto mwingine angeelewa kwamba mtu mzima hataki kuulizwa, angekula bajia zake akanyamaza. Tanwa alielewa kupita kiasi, na balaa lote lilianzia hapo. Kwao, mzee akiulizwa jambo akakaa kimya, jambo hilo lina wenyewe: ni la miungu, ni la waliotangulia, mtoto apite mbali. Tanwa alishamwona babu yake akinyamaza hivyohivyo siku alipomuuliza ndani ya lile vazi la mizimu linalocheza barabarani kuna nani. Kwa hiyo kimya cha Bibi Awero kilimweleza mengi kuliko ambavyo mdomo wa Bibi ungeweza. Alirudi nyumbani na siri tumboni, na tumbo la Tanwa halijawahi kuhifadhi kitu zaidi ya siku moja.

Bibi Awero mwenyewe hakuwa mtu wa kutisha. Mama yake, marehemu Asabi, ndiye aliyekuwa na jina. Asabi alikuwa akishika unyoya, ndege anakaribia kuruka kutoka kwenye nguo. Siku hizo mama alichora na binti akatia rangi, na kila mwaka, sikukuu ya mto Osun ikifika, wanawake wa mtaa walijifunga nguo za Asabi wakaenda nazo mtoni. Kisha Asabi akafa. Awero akabaki na vyungu vyake na hakuna wa kumchorea, ikabidi auokote unyoya mwenyewe.

Kwenye rangi hakuwa na mfano. Alijua majani ya mnili ya mwenye shamba gani yametwangwa yakiwa mabichi na ya nani yamelala siku mbili yakavunda. Alijua majivu ya mti upi yanakamata rangi na ya upi yanaibabaisha. Aliyachuja maji ya majivu kwenye chungu chenye matundu, tone baada ya tone, akayatumbukiza mabonge ya majani yaliyokauka, akafunika, akangoja siku nyingi mpaka uani kukawa na harufu ambayo ilimfanya fundi cherehani wa jirani afanye kazi pua imezibwa na pini ya kuanikia nguo. Kisha alichovya kidole, akakilamba.

"Bado," alikuwa akisema. "Ina ladha ya mkwe aliyenuna."

Chungu kikiiva, alizamisha kitambaa, akakitoa kikiwa kijani, akakishika juu hewani, na kijani kikageuka buluu palepale mbele ya macho yako. Mara ya kwanza kuliona hilo, Tanwa alifikicha macho, akamwomba Bibi arudishe kitambaa ndani akitoe tena, kama mtu aliyekosa kuona bao.

Kwenye kuchora ndipo penye msiba. Bibi Awero hakuwa na haja ya mtu kumsema. Alijisema mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

"Mungu alipokuwa anagawa," aliwaambia wateja, "mimi nilipata pua, ulimi na mikono miwili ya buluu. Zamu ya kuchora ilipofika, nilikuwa nimekwenda haja."

Nge wake alikuwa kijiko. Kila aliyemwona alisema ni kijiko. Mjusi wake aliamkiwa kwa jina la mamba. Kitana chake kilikuwa jongoo, na jongoo wake, siku alipojaribu jongoo, akawa kitana. Watu walinunua rangi, michoro waliivumilia. Hata maisha yake aliyasimulia hivyo. Pale mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama yake Tanwa ni Mama Tanwa hata kwa fundi viatu asiyemjua Tanwa. Awero aliitwa Awero, jina lake mwenyewe, kuanzia utoto mpaka mvi. Aliolewa, akakaa na mume miaka kumi na moja, mtoto hakuja, mume akaleta mke wa pili, kisha mume na mke wa pili wakahamia Ibadan.

"Aliondoka na redio yangu," Bibi alikuwa akisema. "Redio ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa inashika stesheni zote."

Kila kitu alikifanyia utani, isipokuwa yule ndege. Kwa ndege hakutania wala hakueleza. Alimchora kwenye kila nguo, katika mraba wa katikati, akiwa ameuma ulimi, miguu mitatu kila mara. Mtu mwenye akili angejumlisha kijiko na jongoo akapata jibu. Tanwa alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu za kujumlisha, na hakujumlisha.

Wiki ileile Mwalimu Ogunseye akawaambia wanafunzi walete kitu cha nyumbani chenye maana, wakielezee. Wenzake walileta vibuyu, bangili, kigoda cha babu. Tanwa alileta kipande cha nguo ya Bibi Awero, akasimama mbele, akaelekeza kidole kwa ndege.

"Mguu wa kwanza," alisema, "ni wa waliokufa. Wa pili ni wetu sisi tulio hai. Wa tatu ni wa wale ambao bado hawajazaliwa."

Maneno hayo aliyapata wapi? Aliyaokota njiani, kati ya dawati lake na ubao. Yalikuja yenyewe, mazuri, yamepangana, na yeye alikuwa wa kwanza kuyashangaa.

Mwalimu Ogunseye alivua miwani. "Haya umefundishwa na nani?"

"Bibi Awero hakusema kitu, Mwalimu," alijibu Tanwa, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa. Ijumaa alikwenda kununua nguo. Jumamosi alijifunga nguo hiyo harusini kwa binamu yake. Jumatatu walikuja wanawake wanne uani kwa Bibi Awero, na wote wanne wakaomba Miguu Mitatu. Nguo ilishapata jina, na kwao nguo isiyo na jina ni tambara, lakini yenye jina hujiuza yenyewe.

Bibi Awero alingoja wakaondoka. "We mtoto," alimwita Tanwa. "Umekwenda kusema nini huko?"

"Nimesema kweli, Bibi."

"Kweli ya nani?"

Bibi akamtazama kwa muda mrefu, mdomo ukitetemeka kama wa mtu anayezuia kicheko au kitu kingine, kisha akachovya unyoya, akachora. Tanwa alikihesabu kimya hicho kuwa cha pili, na kimya cha pili, kwa akili yake, kilikuwa muhuri.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, alikuwa ameshafika uani, amekaa juu ya chungu kilichopasuka, anawangoja wateja. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa na maelezo ya michoro yote. Chura ni subira. Kitana ni utaratibu wa dunia. Alipofika kwa nge, na mteja akauliza kwa heshima kama kile ni kijiko, Tanwa hakusita: ndiyo, ni kijiko cha kuwalishia waliotangulia. Bibi Awero alipaliwa na maji, akakohoa mpaka fundi cherehani akaja kumpiga mgongoni.

Akiwa na miaka kumi na mitano alianza kufumba macho wakati wa kueleza, kwa kuwa aliwaona wapiga ramli wakifanya hivyo. Macho yake yakiwa yamefumba, hakuona kwamba mama yake, aliyekuja kumwita akachambue kunde, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Endelea, endelea," Mama Tanwa alisema. "Waliotangulia wameniambia kunde hazijachambuliwa."

Mara moja tu Bibi Awero alijaribu kurudi nyuma. Alichora ndege wa miguu miwili, kwa taabu, akaiuza nguo. Siku ya pili mteja aliirudisha amenuna. "Bibi, wenzangu wana ndege wazima. Wangu mbona kilema?"

Basi ikawa hivyo miaka minane.

Na katika miaka hiyo yote, na mingine mingi kabla yake, kuna kitu kimoja Bibi Awero alikitaka, na kila mtu mtaani alijua. Alitaka nguo yake iende mtoni. Tangu Asabi afe, miaka thelathini, wanawake wa mtaa walikwenda kwenye sikukuu na vitambaa vya kiwandani vinavyotoa rangi kwa jasho. Kila mwaka, majuma machache kabla ya sikukuu, Bibi alitegesha chungu kikubwa cha mama yake, kile cha nguo nyingi, "kungojea bahati." Kila mwaka hakuna aliyekuja, akaimaliza rangi ile kwa kutia shuka za watu na nguo mojamoja. Osun mwenyewe, mungu wa kike mwenye mto ule, ni mtia nili. Waliouanzisha mji ndio waliomvunjia vyungu, walipoangusha mti ukaanguka majini, na mpaka leo mji mzima haujamaliza kumwomba radhi. Kwa mtia nili wa Osogbo, nguo yako kutofika pale ni kama mpishi ambaye mama yake mzazi hajawahi kuonja chakula chake.

Mwaka Tanwa alipotimiza kumi na saba, chungu kikiwa kimetegeshwa na kimeanza kunuka, Mama Faderera akaja.

Bangili zake za shaba zilifika kwanza, yeye akafuata, mweupe kuanzia kilemba mpaka viatu. Ndiye kiongozi wa wanawake wa mtaa wanaokwenda mtoni, na ndiye mfagiaji wa ukumbi wa ibada wa Osun. Bibi Awero alipiga goti, ingawa goti hilo lilikuwa na lalamiko lake. Tanwa alipiga mawili.

"Awero, tuko kumi na wanane mwaka huu," Mama Faderera alisema, akikaa. "Kitambaa cha kiwandani mwaka jana kilinifanya nirudi nyumbani na mapaja ya kijani. Nili yako haina mpinzani. Hata wanaokusema vibaya wanakubali."

"Nani wananisema vibaya, dada?"

"Wengi. Tuendelee." Akavuta nguo iliyokuwa kwenye kamba, akaweka kidole katikati ya mraba. "Wanawake wangu wanataka hii, Miguu Mitatu. Wanasema ina maana nzito. Mimi sijaisikia maana yake. Nielezeni."

Bibi Awero alifungua mdomo. Tanwa akamtangulia. Alipiga hatua mbele, akafumba macho, akaanza: mguu wa kwanza, mguu wa pili, mguu wa tatu. Siku hiyo aliongeza na mabawa. Alipofumbua macho, uso wa Mama Faderera ulikuwa vilevile alivyouacha.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi usifumbe tena, utajikwaa. Mimi ninafagia ukumbi wa mwenye mto huu ni mwaka wa arobaini na moja. Ndege wake namjua. Yuko juu ya fimbo ya shaba, ana miguu miwili, na siku moja nikiinama kufagia alikaribia kunitoboa jicho. Huyu wenu wa miguu mitatu simfahamu." Akamgeukia Bibi Awero. "Awero, mguu huu kakupa nani? Mama yako? Umeoteshwa? Umetoka kwenye ramli?"

Bibi Awero alitazama mikono yake. "Tanwa," alisema, "kaniletee maji."

"Sina kiu," alisema Mama Faderera.

Tanwa hakujua aende au akae, akabaki katikati ya uani na kikombe kitupu.

"Nitawachorea wa miguu miwili," Bibi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mji mzima umeshavaa mitatu, halafu sisi twende kwa mwenyewe na miwili? Watu watauliza tumefuta nini. Mimi nataka jibu, sitaki kifutio." Mama Faderera akainuka, bangili zikashuka mpaka viganjani. "Siku ya mwenye mto ni ya tano kuanzia leo. Nitarudi. Mguu ukiwa na asili, tunavaa, wote kumi na wanane. Ukiwa hauna, sitajifunga uongo kiunoni nikatembea nao mpaka majini. Yule ni mtia nili mwenzako, Awero. Nguo ataisoma."

Alipoondoka, Bibi Awero alifunua chungu kikubwa, akachovya kidole, akalamba. "Siku nne tano kitakuwa tayari," alisema. "Na kikishakuwa tayari hakingoji mtu." Akafunika. Hakumgombeza Tanwa. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Tanwa hakulala vizuri, na mtu asiyelala hupata mawazo ya kipumbavu. Asubuhi alimwendea mama yake kwenye karai la bajia.

"Mama, unayo nguo yoyote ya zamani ya marehemu Asabi?"

"Ninayo. Nilibebwa nayo mgongoni, nikakubeba na wewe. Kwa nini?" Mama Tanwa aligeuza bajia bila kuangalia. "Au umeshtuka? Mtaa mzima unasema Mama Faderera alikufungua macho."

"Mama, tafadhali."

"Miaka minane ya kiherehere, leo ndiyo 'Mama, tafadhali.'"

Lakini alimpa ufunguo wa sanduku. Tanwa aliitandaza ile nguo kitandani, imepauka, laini kama sikio la mbuzi. Alimtafuta ndege, akampata. Ndege wa Asabi alikuwa na miguu miwili, myembamba, iliyonyooka, yenye kucha zake zote. Tanwa aliigeuza nguo upande wa pili, kana kwamba mguu wa tatu ungekuwa umejificha nyuma. Haukuwepo. Mguu ule haukutoka kwa mama. Ulitoka kwa Awero, na Awero hasemi.

Hapo mwenye akili angekiri. Tanwa alitunga ndoto. Alimtunga bibi wa Asabi, akamlaza kando ya mto, akamletea ndege wa miguu mitatu anayeongea. Aliipenda ndoto hiyo. Alijaribu kuisimulia mbele ya kioo, macho wazi safari hii, akalia machozi kidogo mahali pa kulia.

Siku ya tano ikafika. Alipoingia uani alikuta chungu kimefunuliwa na povu juu yake linameta kama shaba. Bibi Awero alikuwa ameoga, amevaa nguo yake nzuri kuliko zote.

"Nimeonja," alimwambia Tanwa. "Leo ina ladha ya harusi." Kisha akakaa kwenye kigoda, akaificha mikono yake ya buluu katikati ya magoti, kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani na amesikia viatu vya mwalimu.

Ni ile mikono iliyomponza Tanwa. Bangili zililia mlangoni, Mama Faderera akaingia, akakaa, akasema, "Haya," na Tanwa akapiga magoti na ndoto yake yote mdomoni, bibi wa Asabi, mto na machozi. Akaiona tena ile mikono. Ndoto ikafika kwenye meno ikakwama.

"Mama Faderera," alisema, "nimedanganya."

"Lini?"

"Nikiwa na miaka tisa. Waliokufa, walio hai, ambao hawajazaliwa. Nilitunga darasani. Mguu ni wa Bibi Awero, lakini maneno ni yangu. Yeye hakusema kitu, na mimi nikadhani... Naomba usimnyime kwa sababu yangu."

"Na sasa una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Miaka minane," Mama Faderera alisema, "unatembea na uongo uleule? Hata hukuubadilisha nguo?"

"Niliuongezea chura," alisema Tanwa, akitazama chini. "Na kijiko."

"Ni nge," Bibi Awero alisema kutoka kwenye kigoda, kwa uchungu.

Mama Faderera alimtazama Bibi Awero. Akaitazama nguo kwenye kamba. Akainuka, akasogeza uso karibu na yule nge, akarudi kukaa, na hapo kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, bangili zikapiga kelele kama sahani zinazoanguka, fundi cherehani akachungulia juu ya ukuta na pini yake puani. Alipopata pumzi alijifuta macho, na uso ukarudi mahali pake.

"Mtoto nimekusikia. Ukubwani utakuwa ama wakili ama tatizo. Lakini mguu bado upo pale, na maneno yake mtoto ameyarudisha. Awero, nakuuliza mara ya mwisho. Ni nini?"

Sasa, ili msomaji asikae roho juu: nguo zilikwenda mtoni. Zote kumi na nane, ambazo Bibi alikuwa amezichora siku zile tano akitumaini, zilichovywa siku ileile na kesho yake, zikagongwa kwa nyundo ya mti mpaka zikang'aa, na sikukuu ilipofika wanawake kumi na wanane walishuka njia ya msituni wakiwa na buluu moja kiunoni, buluu ambayo hata wenye kitambaa cha kiwandani waliigeukia. Bibi Awero alisimama kando ya maji akahesabu migongo ikipita, akakosea, akaanza upya. Tanwa alikuwa nyuma yake, amebeba ndoo, kimya. Mama Faderera alimpa adhabu ya kutomweleza mteja yeyote kitu chochote mwaka mzima, na siku ile watu watatu walimuuliza maana ya ndege, naye akawaonyesha ndoo. Lakini nguo zilifika pale kwa sababu ya jibu alilolitoa Bibi Awero asubuhi ile uani, na jibu lilielekezwa kwa Tanwa, kwa kuwa Bibi alimpita Mama Faderera kwa macho akamtazama yeye, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Uliniuliza ukiwa na bajia mdomoni," alisema. "Nikakutuma maji. Nilikutuma kwa sababu niliona haya. Ule si mguu. Ni yai."

"Yai?"

"Yai. Anataga. Mama alikuwa amekufa, mume ameondoka na redio, nikasema nimwombe mwenye mto mtoto, ila kimyakimya, nisichekwe na mtaa. Nikachora ndege anataga. Unyoya ukavuta, yai likarefuka likashuka mpaka chini. Nikachora tena, likarefuka tena. Miaka thelathini nachora yai lile, na halijatoka yai hata siku moja. Sasa yule anasoma nguo, dada amesema mwenyewe, lakini hata yeye atasoma kilichochorwa tu. Mimi nimemwomba yai, yeye kaona mguu. Kasema, haya, huyu anataka miguu. Ndipo akaniletea hiyo yako, imejaa vumbi, inaingia humu uani kila siku ya Mungu bila kupiga hodi."